Gari Lililotaka Kusawazishwa

Nyumbani kwa Kamusi hakuna aliyeamshwa na saa. Waliamshwa na harufu. Alfajiri mama yake alipofungua mlango wa tanuri, harufu ya mkate ilipita ukumbini, ikaingia chumbani na kumtoa Kamusi kitandani hata kama ndoto ilikuwa tamu. Alinawa uso, akafunga kitambaa kichwani, kisha akaanza kazi yake ya kila siku ya likizo: kupanga mikate kwenye trei, safu tano za mikate sita, bila kuibonyeza.

Mjomba wake ndiye aliyekanda unga. Alikuwa mtu mkubwa kweli kweli. Akipita mlangoni, mlango ulionekana umefungwa. Mama alioka na kuendesha gari. Watu watatu, tanuri moja, gari moja kuukuu la rangi ya kijivu lenye buti pana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kampuni yao nzima.

Jina la Kamusi alipewa na mjomba huyo, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, jibu alikuwa nalo. Tatizo ni kwamba jibu alikuwa nalo hata pale ambapo hakuwa nalo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Aliona aibu. Mjomba alipomuuliza kwa nini kitunguu huliza watu, alijibu papo hapo kwamba ni hasira za kuvuliwa nguo. Mgeni mmoja aliyetafuta posta alielekezwa na Kamusi kwa mkono ulionyooka na sauti ya uhakika, akatokea machinjioni.

Wiki hiyo haikuwa ya mchezo. Maduka mengi yaliyokuwa yakichukua mikate ya mama yalikuwa yamehamia kwa kiwanda kikubwa, na lilibaki duka moja tu. Mama alikuwa amekwisha kusema, tena bila kutabasamu, kwamba mambo yakiendelea hivyo atalizima tanuri na mjomba atafute kazi kwingine. Ndipo hospitali ikatangaza kwamba inatafuta mwokaji mpya. Mpishi mkuu wa hospitali, mama mmoja anayeogopwa na masufuria yake mwenyewe, aliwapa siku nne za majaribio, Jumatatu hadi Alhamisi. Trei kumi na mbili kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mlangoni pa jiko. Wakifanya vizuri, kazi ni yao mwaka mzima.

Jumatatu ilipita salama. Jumanne nayo ilipita salama hadi mchana, mama alipokwenda kuchukua unga kwenye kinu kwa ile barabara ya mashimo. Aliporudi alimwita Kamusi kwenye gari.

"Hebu njoo uone. Kuna kitaa kimewaka hapa, na hakizimiki."

Kamusi aliingiza kichwa dirishani. Kwenye dashibodi, karibu na kipimo cha mwendo, paliwaka kijitaa cha rangi ya chungwa. Kilikuwa na mchoro wa kitu kama nusu ya yai lenye mistari, na pembeni yake mshale uliotazama juu na chini.

"Hicho ni kitana," alisema mjomba, ambaye alikuwa amekuja kushusha magunia.

"Kitana cha nini ndani ya gari?" mama alimuuliza. "Mimi naona bomba la kuogea. Labda gari linataka kuoshwa. Kamusi, wewe unasemaje?"

Kamusi alikitazama. Hakuwahi kukiona maishani mwake. Kitabu cha gari kilikuwapo, lakini kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ya huko gari lilikotoka, maandishi yenyewe kama vibanda vidogo vilivyopangwa mstari.

"Hiyo ni taa ya ukumbusho," alisema.

"Inakumbusha nini?"

"Inakumbusha..." Kamusi alikohoa kidogo. "Inakumbusha kwamba ni wakati wa kumwona fundi."

Mama aliridhika. "Basi mkimbilie fundi umuulize. Kichore hicho kitu kwenye karatasi. Uulize kina maana gani na tufanye nini. Usikie vizuri, mwanangu. Kesho gari hili haliruhusiwi kunilaza njiani."

Fundi wao alikuwa na gereji nyuma ya duka la matairi. Kamusi alipofika hakumwona fundi. Aliona miguu miwili ikitokeza chini ya lori, na redio juu ya pipa ikitangaza mpira kwa kelele.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba!" miguu ilijibu. "Sema shida yako."

Kamusi alieleza mchoro kwa sauti ya juu: nusu yai, mistari, mshale wa juu na chini. Chini ya lori chuma kiligongwa mara tatu.

"Aa, hiyo ni ya kusawazisha!" alisema fundi. Hapo hapo mtangazaji wa redio alipiga ukelele na uwanja mzima ukalipuka, na maneno yaliyofuata yakamezwa na shangwe. Kamusi alinasa vipande tu. "...inategemea uzito... nyuma... mwambie mama alete..." Kisha spana ikaanguka, fundi akaisema spana maneno yasiyofaa kuandikwa hapa, halafu akauliza, "Umeelewa?"

Kamusi hakuelewa. Angeweza kuinama na kusema, "Fundi, naomba urudie." Ni maneno matatu tu. Lakini vijana wawili waliokuwa wakisubiri tairi lao walikuwa wakimtazama, na mmoja alikuwa amesoma naye darasa moja.

"Nimeelewa!" alisema, tena kwa mbwembwe, akageuka kurudi nyumbani.

Njiani alivipanga vile vipande kichwani. Kusawazisha. Uzito. Mama alete. Alipofika mlangoni, jibu lilikuwa limeiva.

"Fundi amesema gari linataka kusawazishwa," alitangaza.

"Kusawazisha?" mjomba alishtuka. "Kwani nani ametangulia kufunga?"

"Si mpira, mjomba. Uzito. Upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, gari limechoka kuinama. Tulete vitu vizito tuvigawe sawasawa, kulia na kushoto, na taa itazimika."

Mama alimtazama kwa mshangao wenye fahari. Mtoto wa miaka kumi na miwili, na anaelewa magari! "Sasa tutajuaje upande upi ni mzito?"

"Tuna mizani," alisema Kamusi.

Kweli walikuwa nayo, mizani kubwa ya chuma ya kupimia magunia ya unga. Jioni hiyo haikupima unga. Alipanda mama, akashuka. Alipanda Kamusi. Kisha akapanda mjomba, na mizani ikalia.

"Mjomba, wewe ni gunia zima, nusu gunia, na trei nne," Kamusi alisoma.

"Hiyo mizani ina chuki," alisema mjomba.

Hesabu zilikataa. Kila mjomba alipowekwa kwenye kiti chake cha kawaida kando ya mama, upande wake ulizidi, hata trei zote zipangwe upande wa mama. Kamusi alikuna kichwa, akazunguka gari mara mbili, kisha akapata ufumbuzi uliomfanya apige makofi peke yake. Mjomba akae kiti cha nyuma, katikati kabisa. Mtu wa katikati hana upande! Trei mbili zikae kulia kwake, mbili kushoto, nane zilizobaki zijazwe kwenye buti. Na Kamusi mwenyewe, kwa kuwa ni mwepesi, akae mbele.

Walijaribu kwa trei zilizojaa magunia madogo ya unga badala ya mikate. Gari liliketi chini kwa nyuma na kuinua pua mbele, lakini kulia na kushoto lilikuwa sawa kabisa. Mama aliwasha gari ili kuona.

Kitaa kiliwaka vile vile.

"Bado," alisema mama, na uso wake ukaingia wasiwasi. "Kamusi, una hakika ulisikia vizuri?"

"Nina hakika," alisema Kamusi. "Gari linahitaji muda. Lilizoea kuinama."

Mama aliingia ndani kuandaa hamira. Kamusi alibaki kwenye gari akikodolea macho kile kijitaa, nacho kikimkodolea yeye. Alijua sasa kwamba hajui. Alijua pia kwamba gereji bado iko wazi, na kwamba ni mwendo wa dakika kumi tu. Lakini aende akaseme nini? Kwamba alidanganya mbele ya watu? Kwenye kisanduku cha gari palikuwa na tepu nyeusi ya mafundi umeme. Alikata kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akakibandika juu ya kijitaa, akakilainisha kwa kidole. Giza.

"Mama!" aliita. "Imezimika!"

Mama alikuja, akachungulia, akamkumbatia. "Ndiyo maana nasema nyumba hii ina bahati. Ningekuwa na nani mimi bila wewe?"

Kukumbatiwa kulikuwa kutamu kila siku. Siku hiyo alijinasua haraka, akaenda kuosha trei.

Alfajiri ya Jumatano waliondoka mapema. Giza lilikuwa bado halijaondoka. Mama alikuwa kwenye usukani, Kamusi kando yake, na nyuma mjomba akiwa katikati, amekumbatia trei za moto kila upande na jasho likimtiririka. Mikate ya hospitali ilijaza buti.

Gari la kwanza lililokuja mbele yao liliwasha na kuzima taa zake mara mbili.

"Ametusalimia," alisema mama, akajibu kwa kumwashia taa naye.

La pili, lori la mchanga, lilifanya vivyo hivyo, mara nne.

"Watu wa alfajiri wana adabu," alisema mama. "Mchana hakuna anayekujali."

"Habari zimeenea," mjomba alisema kutoka nyuma. "Wamesikia ni mikate ya hospitali."

Kamusi alikuwa akitazama mbele. Aliona kwamba taa zao hazikumulika barabara. Barabara mbele ilikuwa nyeusi, huku majani ya juu kabisa ya miti yakiwaka na nyaya za umeme zikimetameta. Kunguru mmoja aliyekuwa amelala juu ya nguzo aliamka na kuwalalamikia.

Ikaja pikipiki. Mwenye pikipiki alifunika macho kwa mkono mmoja, akapunguza mwendo, na alipokuwa akipishana nao akapaza sauti kali, "Shusha! Shusha!"

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Amesema tushushe," alisema mjomba.

Mama alitoa kichwa dirishani na kumpungia mkono. "Tunashusha hospitali, mwanangu! Hapa hatuuzi!"

Mjomba alicheka hadi trei zikagongana. Kamusi alitamani kucheka, lakini aligeuka kuitazama pikipiki ikiishia gizani. Huyo mtu hakutaka mkate.

Walipokaribia mtaro mrefu unaokwenda sambamba na barabara, mbele kulionekana kimwanga kidogo cha baiskeli. Kilikuja kimenyooka. Kisha kikaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto tena. Halafu hakikuwapo.

Mama alipunguza mwendo. "Ile baiskeli imekwenda wapi?"

Kamusi aligeuka kutazama nyuma. Hakuona kitu. "Imekata kona, mama."

"Pale pana njia?"

"Ipo," alisema Kamusi. Hakujua kama ipo. Neno lilitoka lenyewe kama lilivyozoea kutoka, na mama, akiamini, akakanyaga mafuta kwa sababu saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia.

Walifika kwa wakati. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, maji ya chai yakichemka, lakini mpishi mkuu hakuwapo. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Saa ya ukutani ilipita kumi na mbili, ikapita na dakika tano, ikapita na robo. Trei kumi na mbili zilikuwa zimepangwa kwenye meza, na mama akawa ananyoosha nguo yake iliyokuwa imenyooka tayari.

Ndipo mpishi mkuu alipoingia, akisukuma baiskeli yenye usukani uliopinda.

Mama huyu alisifika kwa koti lake jeupe, jeupe la kuumiza macho. Leo nusu ya koti ilikuwa nyeupe. Nusu nyingine, kuanzia begani hadi kiatuni, ilikuwa tope tupu. Ua dogo la magugu lilikuwa limejichomeka juu ya sikio lake, kana kwamba alishuka mtaroni kwa makusudi kwenda kulichuma.

"Shikamoo," Kamusi alinong'ona.

"Usinishikamoo. Nina tope."

"Uwii! Pole sana, dada!" mama alimkimbilia na kitambaa. "Nani amekufanyia hivi?"

"Gari," alisema mpishi mkuu. "Gari lenye taa zinazotafuta ndege, wakati nakwenda kuchukua maziwa kama kila alfajiri. Sijaona barabara, sijaona mtaro, sijaona mkono wangu mwenyewe. Nimejikuta naongea na vyura."

"Watu wengine hawafai kupewa hata toroli!" mama alisema kwa uchungu, akimpangusa bega.

"Anyang'anywe leseni," mjomba aliongeza.

"Na wala hakusimama," alisema mpishi mkuu.

"Hakusimama! Mtu gani huyo asiye na huruma?" Mama alimgeukia binti yake. "Kamusi, sisi tumepita barabara ile ile. Hukuliona gari hilo?"

Kamusi aliinua uso. Wote watatu walikuwa wakimtazama. Akasema na moyo wake. Ile "sijui" aliyoikimbia maisha yake yote, leo ingemwokoa kabisa. Angeitamka na mambo yangekwisha pale, mikate ingepokelewa, mama angepata kazi, tanuri lingeendelea kuwaka. Lakini safari hii "sijui" ndiyo ingekuwa uongo. Na kesho asubuhi mama huyu angepanda tena baiskeli yake kwenye barabara ile ile.

"Nalijua," alisema. "Ni letu."

Mkono wa mama uliganda begani pa mpishi mkuu.

Kamusi alisema yote. Alisema hakuelewa maneno ya fundi na akajifanya ameelewa. Alisema kusawazisha kulia na kushoto ni jambo alilolitunga mwenyewe njiani. Alisema kuhusu tepu. Aliposema kuhusu baiskeli iliyokata kona kwenye njia asiyoijua, sauti ilikatika na machozi yakamtoka.

Mama aliweka kitambaa mezani. Alitoka nje, na wote wakamfuata. Alifungua mlango wa gari, akawasha, akaingiza ukucha na kubandua tepu. Kijitaa cha rangi ya chungwa kiliwaka kwa raha zake zote.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu nakuamini," mama alisema polepole. Maneno hayo yalimuuma Kamusi kuliko kofi. Kisha mama alimgeukia mpishi mkuu, akasimama wima. "Dada, mtoto amekosea, lakini usukani ulikuwa mikononi mwangu. Watu wamenimulikia njia nzima, nikadhani wananisalimia. Na mimi nikawajibu."

"Uliwajibu?"

"Mmoja akaniambia shusha. Nikamwambia tunashusha hospitali."

Mdomo wa mpishi mkuu ulicheza pembeni. Alijikaza, akakunja uso upya. "Mikate ya leo nitaichukua, kwa sababu wagonjwa hawana kosa. Kesho ni siku yenu ya mwisho. Nitapita barabara ile ile, saa ile ile, na baiskeli hii hii nikishainyoosha. Nikifika hapa mkavu, tutazungumza. Nikifika na tone moja la tope, msishushe hata mkate mmoja."

Kulikuwa kumepambazuka, kwa hiyo safari ya kwenda gereji haikuhitaji taa. Humo garini hakuna aliyesema lolote, isipokuwa mjomba, aliyeomba arudishiwe kiti chake cha mbele.

Walipofika, miguu ya fundi ilikuwa inatokeza chini ya gari jingine. Mama alimtazama Kamusi. "Nenda. Jana ulitumwa wewe, na leo utauliza wewe."

Kamusi alikwenda hadi kwenye redio, akaizima. Kisha akalala kifudifudi kwenye vumbi na kuchungulia hadi alipouona uso wa fundi.

"Fundi, jana nilikuuliza kuhusu taa. Sikuelewa. Naomba unieleze tena."

"Jana si ulisema umeelewa?"

"Nilidanganya."

Fundi alijivuta nje, akaketi, akapangusa mikono kwenye suruali yake. Alimtazama yule mtoto mwenye vumbi puani. "Basi na mimi nina kosa. Nilimjibu mtu nisiyemwona, nikakubali neno moja tu kuwa ni jibu. Njooni."

Alimwambia mama aliingize gari ndani ya gereji, kwenye kivuli, pua ikitazama ukuta, na awashe taa. Duara mbili za mwanga zilitokea ukutani, usawa wa kiuno cha fundi.

"Mjomba, panda kwenye buti."

"Mimi tena?" alisema mjomba, lakini alipanda. Gari lilizama nyuma, na zile duara zikapanda ukutani hadi usoni pa fundi, akafumba macho.

"Umeona?" alimwambia Kamusi. "Ukiweka mzigo nyuma, gari linakaa chini nyuma na kuinua pua. Pua ikiinuka, taa nazo zinatazama juu, machoni mwa watu. Gari hili lina akili kidogo. Lina mota ndogo zinazoinamisha taa zenyewe, ili mwanga ubaki barabarani. Huko ndiko kusawazisha. Ni juu na chini, ndiyo maana mshale wake unatazama juu na chini. Kijitaa kikiwaka, maana yake kazi hiyo imesimama."

"Kwa nini imesimama?"

Fundi aliingia chini ya gari upande wa gurudumu la nyuma, akatoka akicheka. "Sensa imekatika."

"Sensa?" mjomba aliuliza kutoka kwenye buti. "Mimi nilishahesabiwa mwaka ule, pamoja na mizani ya jana!"

"Si ya kuhesabu watu, mzee. Ni kifaa kinachopima gari limekaa chini kiasi gani, halafu kinaziambia zile mota. Kina kijiti chake kimeshikamana na mguu wa gurudumu. Jiwe la barabarani limekivunja, kwa hiyo mota hazijui kama nyuma kuna mjomba au hakuna."

Kamusi aliuliza tena, na tena. Aliuliza kwa nini kulia na kushoto hakuhusiki. Aliuliza kama kuna haja ya kupunguza mzigo wa nyuma hata kifaa kikipona, na fundi akasema ndiyo, kwa sababu kifaa nacho kina mwisho wake. Kila alipojibiwa, alirudia kwa maneno yake, na mara mbili fundi alimsahihisha. Mchana kijiti kipya kilikuwa kimefungwa. Mjomba alipanda kwenye buti kwa mara ya tisa. Duara zilipanda ukutani kidogo, zikatulia, kisha zikashuka zenyewe taratibu hadi mahali pake. Kwenye dashibodi kijitaa kilikuwa kimezimika, tena bila tepu.

Alfajiri ya Alhamisi mjomba alikaa mbele, Kamusi nyuma na trei nne, nane kwenye buti. Mwanga ulilala barabarani, wa njano na mtulivu, ukionyesha kila shimo. Walipishana na lori la mchanga. Halikuwasha wala kuzima kitu. Kamusi hakuwahi kufurahia kiasi hicho kutosalimiwa.

Kwenye mtaro mrefu kimwanga cha baiskeli kilitokea. Mama alipunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa. Kamusi alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kimwanga kilikuja, kikanyooka, kikapita. Mama alikanyaga mafuta tena.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu mpishi mkuu aliingia jikoni, koti jeupe mbele na nyuma. Hakusalimia. Alichukua mkate mmoja, akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole na kusikiliza, kama afanyavyo kila siku. Kisha akaukata na kulitazama ganda lake kwa muda mrefu.

"Ganda la leo ni gumu kuliko la jana," alisema, akamwelekezea Kamusi kisu. "Kwa nini?"

Mjomba alifumba macho. Majibu matatu mazuri yalimjia Kamusi kichwani kwa pamoja, yote ya kupendeza, na hakuna hata moja alilokuwa na hakika nalo.

"Sijui," alisema. Halikuwa neno gumu hivyo. "Aliyeoka ni mama. Niruhusu nimuulize."

"Tanuri lilizidi moto kidogo," mama alisema kwa sauti ndogo. "Usiku huu nilikuwa na wasiwasi, nikaongeza kuni. Safari nyingine nitapunguza."

Mpishi mkuu aliweka kisu mezani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alitabasamu waziwazi.

"Nisikilize, binti," alisema. "Hapa jikoni napikia watu mia mbili. Wapo wasiotakiwa chumvi, wapo wasiotakiwa sukari. Msaidizi asiyejua simwogopi. Ataniuliza, nitamwambia, na mgonjwa atakula salama. Ninayemwogopa ni yule asiyejua halafu akanijibu. Jana mtu wa namna hiyo alinitupa mtaroni, na nina bahati vyura walikuwa wakarimu. Usione aibu kuuliza. Ona aibu kumwacha mwenzako apite gizani kwa sababu wewe hukutaka kuonekana hujui. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Kamusi alirudia yote kwa maneno yake, polepole, bila kuruka kitu, hadi kwenye vyura.

"Sawa," alisema mpishi mkuu, akamgeukia mama. "Kuanzia Jumatatu, trei kumi na mbili, mwaka mzima."